Karani Amerudisha Sahani

Leo ni Jumapili ya tisa.
Panya nimemtoa kwenye barafu tangu saa kumi,
nikampasha kwa maji ya vuguvugu, nikamkausha kwa kitambaa,
nikamshika mkia kwa koleo la makaa
na kumchezesha mbele yako, kushoto, kulia,
kama mjinga anayeongoza bendi.
Ukamtazama.
Ukanitazama.
Ukarudisha kichwa chini ya gae la chungu.

Mimi ni mpishi, Karani.
Miaka ishirini na sita nyuma ya Soko la Wakulima
na sahani haijawahi kurudi jikoni na kitu.
Madereva hupita Salgaa na njaa zao
ili waje kula matumbo yangu.
Mwanamke mmoja aliyefiwa, aliyeapa hatatia kitu kinywani,
alimaliza uji wangu wa wimbi, akalamba kijiko, akaona haya.
Sasa wewe, usiye na mkono wala kope,
unanirudishia panya mzima
bila hata kusema chumvi imezidi.

Mpwa wangu Nyamweya alikuacha hapa mwezi wa tatu
alipohamishiwa Lodwar.
Alileta sanduku lako la kioo, taa yako, kibali chenye mhuri,
akasema, "Mjomba, chatu huyu hana shida.
Ni kama karani wa zamani, anakaa tu."
Yeye akaenda kwenye joto.
Wewe ukabaki nami Flamingo, na Julai ikatukuta,
ukungu wa Menengai ukishuka hadi kwenye masufuria,
mafuta ya kupikia yakiganda chupani.

Nimekupima kwenye mizani ya nyama:
kilo moja na robo.
Wiki iliyofuata, kilo moja na robo.
Kwenye kalenda ya duka la unga nimeandika kwa penseli
amekataa, amekataa,
stima zilipotea,
amekataa.

Kwamboka wa mboga alisema tatizo ni panya mweupe,
nani huku amezoea panya mweupe?
Nikatafuta wa kijivu. Ukamlalia.
Fundi akaja kuongeza joto la taa, akafanya kazi akiwa amesimama mlangoni.
Daktari Jerotich ndiye aliyekushika,
akakufungua mdomo kama anayefungua bahasha ya mtu mwingine.
Hana kidonda, alisema. Hana kikohozi.
Ni msimu wake, baridi hii. Atakula akitaka.
Akanitoza mia tano,
na nilipokuwa nikirudi nyumbani niliona
kwamba nimelipia neno moja: akitaka.

Hotelini kwangu hakuna anayekula akitaka.
Wanakula saa saba, kwa sababu saa nane lori linangoja kupakuliwa.
Na kwetu Keroka tulikuwa tisa kwenye sinia moja;
aliyesita kidogo alikuta sinia linang'aa.
Mimi, umri huu, sijawahi kusema nimeshiba
mbele ya chakula kilichobaki.
Sijui hata sauti yangu ingetokaje.
Wewe unaisema kwa mwili mzima,
unajiviringa mpira, kichwa katikati,
huna hasira, hukonda,
na kesho yake unakunywa maji yako polepole
kama mtu mwenye pensheni.

Jumapili ya kumi na moja nilichoka.
Sikucheza ngoma ya koleo.
Nilimweka panya juu ya gae, nikafunga kifuniko,
nikakaa mezani mbele ya matoke niliyojipikia mwenyewe
na nikagundua siyataki.
Hayakuwa na kasoro. Siyataki tu.
Nikayafunika kwa sahani nyingine.
Nikasikiliza mikono yangu kama itagoma.
Ikatulia.

Nilikuwa nimeshazima taa ya jikoni
niliposikia kishindo kidogo upande wako,
kama kitabu kilichoanguka kitandani.
Mkono ukaenda kwenye swichi
kwa mazoea ya miaka ishirini na sita,
kuona kama sahani imesafika.

Nikauacha hapo hapo ukutani.
Kisha nikaenda kulala.